Onyo la Ukurasa wa Arobaini na Moja

Feni ya gari ilimkata Yaw Amponsem vidole vitatu saa nne asubuhi, injini ikiwa imezimwa. Hapo ndipo mafundi wa Suame, mtaa wa magereji, walipochanganyikiwa. Injini iliyozimwa inamkataje mtu? Yaw alikuwa ameinama chini ya boneti, mkono wa kulia nyuma ya rejeta, anapapasa waya. Mwenzake aliyekaa na kompyuta akabonyeza mstari mmoja kati ya mistari mingi asiyoielewa, na programu ya kupima magari ikaiamuru feni izunguke. Damu iliruka hadi kwenye kioo. Kidole cha kati hakikuonekana tena. Walikitafuta kwenye oili chafu mpaka wakachoka.

Adhuhuri haijafika, Nsiah, kaka yake Yaw, mchomeleaji mwenye shingo nene, akaingia kwenye duka la mtaa wa Adum lililouza programu ile. Mkononi ameshika kijitabu cha maelekezo.

"Nani kaandika hiki?"

"Mimi, kaka," alisema Tiwaa, mwanamke mfanyakazi wa duka, akiinuka kwenye kiti. Alidhani mtu amekuja kushukuru.

Kofi la kwanza lilimpasua mdomo. La pili likambwaga juu ya maboksi. Nsiah akamkaba shingo, akamsukumia kijitabu usoni.

"Onyo liko wapi humu?"

"Lipo. Ukurasa wa arobaini na moja."

"Lisome!"

Akalisoma, damu ikimchuruzika kidevuni: "Mtumiaji ahakikishe usalama wa mazingira husika kabla ya uamilishaji wa vijenzi vya pembeni."

Nsiah alimkodolea macho. "Maana yake nini?"

"Kwamba… feni inaweza kuanza kuzunguka yenyewe."

"Sasa mbona hukusema feni?"

Akampiga mateke mawili ya mbavu, na angeendelea kama watu wa duka la jirani wasingemburuta nje.

Afia Tiwaa alikuwa na miaka thelathini na mmoja. Alizaliwa Tafo, kwa mama aliyekaanga viazi vikuu kando ya barabara, na kompyuta alijifunza kwa mwalimu aliyeweka kipande cha waya wa umeme juu ya meza. Aliyeuliza swali alinyoosha viganja achapwe. Tiwaa aliuliza mara mbili tu, akaacha. Alikariri maneno asiyoyajua, akayatema kwenye mtihani, akapasi kuliko wote. Basi duka lilipompa kazi ya kuandika maelekezo kwa Kitwi, lugha ya mafundi wale, alitafuta Kitwi kizito kuliko chote, kile cha mimbarini na cha mahakamani. Kwake yeye, elimu ilikuwa hivyo: kitu kinachomfanya msomaji ajione mjinga.

Mbavu mbili zilipata ufa na jino moja likang'oka. Polisi walimuuliza kama anataka kushtaki, akakataa. Si kwa wema, aliona haya. Swali la Nsiah lilimuuma kuliko mbavu.

Wiki tatu baadaye, bandeji ikiwa bado mwilini, alikwenda Suame. Mtu alimrushia nati, ikampata mgongoni. Akaendelea kutembea mpaka kwenye gereji ya Yaw.

"Umekuja kuchukua viwili vilivyobaki?" Yaw alimuuliza.

"Nimekuja uniambie ni wapi hukuelewa."

"Kuanzia kwenye jalada, dada."

Akaanza upya. Kila siku alileta ukurasa mmoja, akampa fundi ambaye hajawahi kugusa kompyuta, kisha akakaa kimya akitazama kidole cha yule mtu kikifuata mistari. Kidole kikikwama, karatasi inachanwa. Kazi hiyo ilimtoa jasho, na haikumbadilisha kwa siku moja. Kuna fundi umeme mmoja, mwanamke anayeitwa Pokuaa, aliyeuliza kwa mara ya nne "kuhifadhi" maana yake nini. Mkono wa Tiwaa ukaruka wenyewe, ukamwasha kofi.

Pokuaa hakuchelewa. Ngumi yake ilitua katikati ya pua. "Mimi si mtoto wako wa shule! Nimeuliza, jibu!"

Tiwaa akajibu akiwa ameketi chini, amebana pua. "Ni kama kuandika kwenye karatasi halafu ukaiweka mfukoni. Kompyuta ikizimika, huanzi upya."

"Ah! Si ungesema hivyo tangu mwanzo?"

Mfano huo wa mfukoni ukaingia kijitabuni jinsi ulivyotamkwa. Ukurasa wa kwanza uliandikwa kwa herufi kubwa: TOA MKONO KWANZA. UKIBONYEZA HAPA FENI ITAZUNGUKA, HATA GARI LIKIWA LIMEZIMWA. Chini yake palichorwa mkono wa Yaw, jinsi ulivyobaki. Mwenyewe ndiye aliyeulaza mezani uchorwe.

Aliyechukia ni Mjomba Boadi. Kwa miaka minane ni yeye peke yake pale Suame aliyejua kuisoma programu ile, na gari lolote lililowashinda wengine liliishia kwake. Sasa uwanja wake ulikuwa mtupu. Mchana mmoja alikuja kwenye gereji ya Yaw na wanaume wanne wenye nondo na dumu la petroli.

"We mwanamke, nani alikutuma kuwapa hawa siri yangu?"

"Si siri, Mjomba. Ni maelekezo."

Akamwaga petroli juu ya vijitabu. Pokuaa akamrukia, nondo ikamvunja mkono. Nyingine ikamshukia Tiwaa sikioni, dunia ikawa mlio mmoja mrefu. Alishika mpini wa jeki uliokuwa sakafuni, akauzungusha kwa mikono miwili. Taya la aliyempiga lilivunjika kwa sauti aliyoisikia kwenye mifupa yake mwenyewe. Katika purukushani hiyo Boadi alikwisha kuwasha kiberiti, amesahau kwamba suruali yake nayo imelowa. Alikimbia akiwaka miguu yote miwili. Yaw ndiye aliyemwangusha na kumfunika turubai.

Polisi waliwazoa wote. Tiwaa alilala mahabusu siku sita, na duka likamfukuza kazi. Boadi alipona, ila hakurudi tena kwenye magari. Kesi ya taya ilimalizwa na wazee wa mafundi: kila upande ulijitibia.

Vijitabu mia mbili viliungua, lakini Pokuaa alikuwa na kimoja ndani ya sanduku la spana, na ndicho kilichotolewa nakala. Siku hizi nakala hizo zimening'inizwa kwa waya kwenye gereji nyingi, zimejaa alama za mafuta. Nsiah hajawahi kuomba radhi. Tiwaa hukiri, akiulizwa, kwamba taya lile lilipovunjika alisikia raha, na raha hiyo ndiyo inayomtia hofu. Anafundisha kila Alhamisi pale kwa Yaw. Sikio la kushoto limekufa kabisa, hivyo mwenye swali hukaa upande wa kulia, na anaruhusiwa kuuliza mara ya tano.