Maziwa ya Kiangazi cha Kwao

Nilimwahidi mama kwamba nitayaandika haya, na leo harufu ya maziwa lala yenye vanila imeniwahi. Mama alimpikia Mdenmaki mmoja hapa Malindi. Mwajiri huyo alimfunza dada yangu, aliyekuwa bado shuleni, kutaja vyakula vya kiangazi vya kwao.

“Koldskål,” alitamka jina la maziwa hayo ya vanila, akimshika kidevu aukunje mdomo sawasawa. “Tena.”

Dada alicheka. “Mama wee, ulimi wangu umeshahama!”

“Mwanangu, njoo huku jikoni.”

“Mwache,” mwajiri alisema kwa upole. “Kwetu atayanywa kila kiangazi.”

Mama aliacha kukuna nazi.

Kabla ya mvua, dada alisafirishwa. Hajaandika.

Msomaji uliyeko Denmaki, ukimwona, tafadhali mwambie mama yu hai.