Wafalme Watatu na Petroli ya Jumapili

Ukutani mwa gereji ya Eliezer Cotto, hapa mjini kwetu Las Piedras, kuna kibao alichokiandika kwa mkono wake mwenyewe: ANAYETIA PETROLI YA MASHINDANO KWENYE GARI LENYE SENSA ASIJE KULIA HAPA. Wateja hukisoma wakiwa wamesimama, kwa sababu kiti ni kimoja na amekikalia yeye.

Ukimpelekea gari linalotoa moshi, atakuhubiria kabla hajafungua boneti. Atakuambia kwamba petroli inayouzwa uwanja wa mashindano siku za Jumapili ina madini ya risasi. Kwamba risasi hiyo huigandia ncha ya sensa ya oksijeni, kile kijiti kilichopachikwa kwenye ekzosi ili kinuse moshi na kuiambia kompyuta ya gari iongeze petroli au ipunguze. Kwamba sensa iliyozibwa pua hudanganya, na kompyuta, kama yeyote anayemwamini mwongo, hufanya upumbavu kwa nia njema. Ni mahubiri mazuri. Nimeyasikia mara nyingi na sijaona kosa ndani yake.

Gari lake mwenyewe ni Corolla ya zamani kuliko ndoa yake, aliyoifunga turbo iliyotoka kwenye gari lililopata ajali. Kila Jumapili, akitoka ibadani, huiteremsha pwani ya kusini kwenye mashindano. Huko ni desturi kila mtu kuisingizia injini yake ugonjwa, maana anayejifanya mnyonge hupewa nafasi ya kutangulia. "Hii? Hii ni ya kwendea sokoni," husema Eliezer akiipapasa boneti, na sauti yake ni ile ile anayoimbia kwenye kwaya. Turbo ile ilikuwa ikisukuma hewa nyingi mno kwa petroli ya kawaida, na injini ikawa inagonga. Kwa hiyo alinunua ile ya uwanjani. Kibao hakikumhusu. Kiliandikiwa wateja.

Mkewe, Zoraida, hakuwa na ugomvi na Corolla. Ugomvi ulikuwa juu ya Wafalme.

Wafalme wenyewe ni sanamu tatu za mbao za wale mamajusi walioifuata nyota, kila mmoja juu ya farasi wake, zilizochongwa na babu yake Zoraida kutimiza nadhiri, mwaka ambao binti yake mchanga alipona homa. Binti huyo ndiye doña Providencia, mama yake Zoraida, anayeishi milimani Orocovis na hajaugua tangu siku hiyo. Kila mkesha wa Sikukuu ya Wafalme, mwanzoni mwa Januari, lazima sanamu ziwe kwenye madhabahu ya nyumba yake kabla jua halijazama, ndipo wimbo wa kwanza uanze. Na ukoo una sheria moja: anayewapandisha mlimani ndiye anayewashusha, nao hukaa kwake mwaka mzima. Miaka mingi walikuwa wamekaa sebuleni kwa Zoraida. Kaka yake, Wilberto, anayesambaza mikate kwa gari dogo la mizigo, aliwatamani bila ubaya wowote. Alikuwa amekwisha kuwatengenezea kabati la vioo lenye taa.

Mapema Desemba Corolla ilianza kutoa moshi mweusi, na Eliezer akaingia chini yake uani. Zoraida alimshikia tochi.

"Hii sensa ya ngapi mwaka huu, mume wangu?"

"Siku hizi wanazitengeneza ovyo. Hazina roho."

"Roho zinazo. Zinanyweshwa sumu kila Jumapili."

"Zoraida, we shika tochi. Mambo ya injini niachie mimi."

Lazima niseme kwamba alifanya kazi safi. Aliwasha injini kwanza ili chuma kipate moto, akanyunyiza mafuta ya kulegeza kutu, akaivalisha sensa spana yenye mwanya wa kupitishia waya. Ililia kama bawaba ya kanisa, kisha ikatoka. Ncha yake ilikuwa na utando wa kijivu unaong'aa. Eliezer aliutazama kama daktari anavyotazama ugonjwa anaoujua kwa jina, akaufuta kwenye suruali, akaitupa sensa kwenye kopo la wenzake. Mpya aliipaka grisi kwenye nyuzi tu, asiiguse ncha. Aliianza kwa vidole, akaikaza kwa kiasi, akaufunga waya mbali na joto la turbo. Injini ikanguruma bila moshi.

Jumapili iliyofuata akaiteremsha pwani. "Kuijaribu sensa tu," alisema. Aliijaribu Desemba nzima.

Siku mbili kabla ya safari Wilberto alipita na mikate.

"Shemeji, tupande wote kwenye gari langu. Wafalme watafika wananukia."

"Wafalme hawapandi gari la mikate, Wilberto. Hao walikuja na farasi."

"Farasi angalau halambi petroli ya Jumapili."

"Wivu huo, shemeji. Corolla itafika kabla hujawasha hilo tanuri lako."

Zoraida alicheka na kaka yake, lakini alipofunga mlango alisema, "Eliezer, wakipanda na Wilberto wanashuka na Wilberto. Najua. Ndiyo maana nakuomba kitu kimoja tu. Petroli ya kawaida, na twende polepole."

"Naapa," akasema Eliezer.

Mchana wa mkesha, Zoraida akiwa tayari kiti cha mbele na Wafalme wamelala mapajani mwake ndani ya taulo, alimwona mumewe kwenye kioo cha pembeni. Eliezer alikuwa akilinywesha gari mabaki yote ya dumu la uwanjani.

"Mlima unataka nguvu," alieleza alipoingia. "Tone tu."

Zoraida akalivuta taulo karibu zaidi.

Hadi mji wa Barranquitas Corolla ilikwenda vizuri, na Eliezer alipita magari mawili kwenye kona ili mkewe aone faida ya nguvu. Baada ya hapo moshi ukaanza. Kwanza nyuma tu, kisha harufu ya petroli mbichi ikaingia ndani, hadi kwenye pasteli za sikukuu, zile ndizi za kusaga zenye nyama, zilizokuwa kiti cha nyuma ndani ya majani yake ya mgomba. Injini ikawa inakohoa. Kwenye mwinuko wa mwisho, paa la doña Providencia likionekana juu na jua likiwa limeegemea mgongo wa mlima, Corolla ikatikisika mara moja ikanyamaza.

Eliezer alichomoa plagi. Zilikuwa nyeusi na zimelowa. Ugonjwa alikuwa anaujua tangu Las Piedras.

Honi ikalia nyuma. Wilberto akateremka.

"Shemeji! Nimefuata moshi, nikadhani mnachoma nguruwe njiani."

"Sensa tu hii. Mbovu kutoka dukani. Nipe nusu saa, nizikaushe plagi."

"Nusu saa jua litakuwa baharini, Eliezer." Wilberto hakuwa anacheka tena. Alifungua mlango wa gari lake, harufu ya mkate ikatoka. "Dada, leta. Tutaongea mambo ya sheria baadaye."

Zoraida aliutazama mlango ule, akamtazama mumewe aliyekuwa akipuliza plagi kwa mdomo, uso umepakwa masizi. Kisha akashuka, akavua viatu vya kanisani, akaliweka taulo begani.

"Unakwenda wapi?" akauliza Eliezer.

"Ninawapandisha."

Wilberto alikuwa na nafasi ya kubishana. Badala yake aliwasha taa za tahadhari na kumfuata nyuma taratibu, kwa mwendo wa miguu. Watu wakatoka vibarazani wakidhani ni nadhiri mpya. Wengine wakavua kofia, na bibi mmoja akapiga ishara ya msalaba kwa gari la mikate.

Wafalme walikaa madhabahuni jua likiwa bado lina ukingo. Doña Providencia alitazama miguu ya binti yake, akauliza kwa sauti ya watu wote kusikia, "Nani amewapandisha?"

"Mimi, mama."

"Basi ni wako. Sikusema ni wa nyumba fulani. Ni wako."

Akawapa waimbaji mstari wa kumalizia, ambao kila mmoja hutunga ubeti wa kuishia nao, kama desturi ilivyo, na Wilberto, ambaye kabati lake lilibaki tupu kwa mwendo ule wa miguu, akawa wa kwanza kuujibu:

Moshi ulijaa njia,
shemeji kaangalia,
dada begani katia,
na Wafalme wamefika.

Eliezer aliingia ubeti huo ukiimbwa kwa mara ya pili. Akaimba kiitikio na wote. Ana sauti nzuri.

Asubuhi Wafalme walishuka kwa gari la mikate, mapajani mwa Zoraida, naye Eliezer akabaki mlimani kusubiri aletewe sensa mpya. Kibao bado kiko ukutani, na mahubiri hayajapungua neno. Mwaka huu Zoraida ameomba kiti kwenye gari la kaka yake tangu Novemba. Eliezer hakupinga. Alisema tu kwamba siku hizi sensa zinatengenezwa ovyo.