Mgongo Wake Ukutani

Nilifika rola ya rangi ikiwa imeshapita mabegani kwa mke wangu pale ukutani. Rangi ya njano, nzito, ilikuwa inateremka, na chini yake imebaki kanga yake nyekundu kuanzia kiunoni, na visigino. Aliyekuwa juu ya ngazi ni shemeji yangu, kaka yake wa tumbo moja. Nikamwambia ashuke kwanza tuongee. Hakugeuka.

"Nikiishia hapa katikati, shemeji, rangi itaacha alama," akasema. "Ngoja nimalize."

Akamaliza, na mimi nimesimama palepale namwangalia.

Majina ya ninaowadai jibu siandiki, ila nitawataja kwa vyeo vyao, na anayeujua mtaa wetu wa Manundu atawajua. Kuna mwenye ghala, kuna mwenyekiti wa mtaa, halafu kuna huyo shemeji.

Mimi kazi yangu brashi. Shule niliishia darasa la nne kule Chanika, Handeni, nikaja Korogwe kuandika majina ya saluni na bucha, na maneno ya nyuma ya malori. Mke wangu alikuwa anauza machungwa stendi ya zamani, ile iliyokuwa mbele ya ghala. Siku moja tulipanda basi pamoja kwenda Dar es Salaam, kwenye msiba wa shangazi yake. Hata Kabuku, hapo njiani, hatukufika. Dereva alilipita lori mahali asipoona mbele, na huyo naye namtaja, ingawa yeye ameshaulizwa na Mola wake, maana alikufa palepale. Mimi nilitoka na mguu usiokunjika. Mke wangu hakutoka.

Arobaini ilipofika ukoo ulikaa kugawa vitu vya marehemu, kama ilivyo desturi. Alikuwa na doti moja ya kanga aliyoipenda, nyekundu, imeandikwa NIMETULIA KWANGU. Kipande kimoja alikuwa amejifunga siku ile ya basi. Cha pili kikaenda kwa mama yake, na mama yake anaishi kwa shemeji. Sikukataa, mama ni mama. Lakini picha sikuwa nayo. Simu ilisagika kwenye ajali, na kwenye kitambulisho chake sura imetoka nyeusi, ungeweza kusema ni mtu yeyote.

Baadaye stendi ikahamishwa. Mabasi yakaenda huko kwenye lami mpya, na mama ntilie, mafundi viatu, wapiga debe, wote wakafuata. Pale mbele ya ghala pakabaki vumbi na watu wa kujisaidia. Mwenye ghala akaniita niandike USIKOJOE HAPA ukutani kwake. Nikaandika kwa herufi kubwa nyekundu, na wakaendelea kukojoa chini ya herufi zangu. Nikamwambia bosi, niache nichore stendi yetu ilivyokuwa. Akacheka, akasema chora utakacho, ukuta wenyewe unanuka.

Nikaenda kwanza kumuuliza shehe wetu. Aliniambia kuchora kiumbe na uso wake si jambo jema, kama siwezi kuacha basi niwageuze. Nikawageuza. Nikachora watu wa stendi wote wanatazama basi linaloingia, migongo kwetu. Yule Mmasai muuza dawa za mizizi, na shuka lake na kibuyu. Fundi viatu aliyeinama upande mmoja. Kila mtu alimjua mtu wake. Mama ntilie mmoja alisimama mbele ya mgongo wake muda mrefu, kisha akaniambia, "Baba, haya makalio umenipunja. Ongeza." Nikaongeza. Na kukojoa kukaisha, maana nani atafungua suruali mbele ya mama yake?

Mke wangu nilimweka pembeni, beseni kichwani. Uso wake ulikuwa umeshaanza kunitoka, hilo nalisema ingawa linaniuma. Nikifumba macho napata pua, nikiitafuta midomo, pua inaondoka. Lakini mgongo sikuusahau. Kila jioni nilikuwa nakwenda stendi kumpokea beseni, na siku zote nilimkuta anatazama mabasi, kwa hiyo nilimfikia kwa nyuma. Nilimchora hivyo nilivyomfikia. Maneno ya kanga nikayaandika kwenye pindo, herufi moja moja, na brashi ndogo kuliko zote.

Basi ikawa ndiyo nyumba yangu ile. Baada ya swala ya alasiri nachukua kreti tupu la soda, nakaa mbele ya ukuta. Sisemi naye, mimi si mwehu. Nakaa tu nyuma yake kama zamani, mpaka giza liingie, halafu narudi kwenye chumba nipike ugali wa mtu mmoja, ambao hata ukipima vipi unabaki.

Ukuta ulipokuwa msafi, watu wakaanza kusimama kupiga picha, na ndipo kampuni ya sabuni ikauona. Mwenye ghala hakuniambia neno. Yeye aliyesema ukuta unanuka, alipouona unapendeza aliukodisha uwekwe tangazo la sabuni. Kampuni ikatafuta fundi rangi, ikampata shemeji.

Kesho yake, ukuta ukiwa njano mtupu, nikaenda kwa mwenyekiti wa mtaa. Nikamwambia pale palikuwa na watu wa mji huu, wengine wameshakufa. Akaniuliza wana nyuso? Nikasema hawana, na sababu anaijua, maana tunaswali msikiti mmoja.

"Sasa mtu asiye na uso ni nani, mzee?" akasema. "Nimwandike nani kwamba amedhulumiwa?"

Waliokuwa ofisini wakacheka. Ile heshima ya kuwageuza watu nyuso ndiyo waliyonipigia.

Nimejaribu kuchora tena nyumbani, kwenye mbao. Mkono hautaki. Ule ukuta ulikuwa mahali penyewe, amesimama alipokuwa anasimama. Huku chumbani ni mwanamke na beseni tu.

Mwenye ghala, nakudai uje useme mbele ya watu kwa nini hukutuma hata mtoto aniite niage. Mwenyekiti, wewe umekula machungwa yake miaka yote, na alikuwa akikumenyea. Uso wake uliuona. Sema ni nani.

Lakini wewe shemeji ndiye ninayekungoja. Kanga ile imeanikwa kwenye kamba yako mpaka ilipochanika, umepita chini yake kila asubuhi ukienda kazini. Ulipokuwa juu ya ngazi, rola ikafika kwenye maneno yale, uliyasoma au hukuyasoma? Usiniambie habari ya alama ya rangi. Chumba changu unakijua, na kreti lipo la kukalia. Njoo ukae, unijibu.