Sahani ya Jioni

Kwetu yaya ni dada mkubwa. Wangu ana miaka hamsini na kitu, na tangu alipofiwa na mume anaishi nami Kamembe pamoja na watoto wangu. Tulikulia Uvira, tukarudi Rwanda tukiwa wakubwa. Yeye anauza nyanya Bukavu, ng'ambo ya mpaka. Anatoka kabla chai haijachemka, anavuka daraja na beseni lake kichwani, anarudi jua likizama.

Kwa miaka mingi alikula mara moja tu kwa siku. Mchana alikuwa anakunywa soda, na nyingine tena jua likizidi. Jioni ndipo anapoketi mbele ya bugari, ugali wa kwetu, sahani kubwa na sambaza, dagaa wa ziwani, anakula kimya mpaka sahani inang'aa, halafu usingizi unamchukua palepale mkekani.

Jumapili moja watu wa kituo cha afya walikuja kupima waumini baada ya misa. Muuguzi alimchoma yaya kidole, akaangalia kile kimashine, akatuomba tukae.

"Maman, sukari imepanda. Haiyakuwa ugonjwa bado, lakini inakuya. Unakulaka saa ngapi?"

"Magaribi."

"Na asubui?"

"Asubui niko ku kazi."

Akatueleza taratibu: ale asubuhi hata kidogo, ale na mchana. Jioni apunguze bugari, aongeze mboga na maharage, wala asilale mara tu akimaliza kula. Soda aiache, anywe maji. Tulirudi nyumbani moyo mwepesi. Kitu kinachozuiwa na chakula, tuliona, si cha kutisha.

Kesho yake nilipika lengalenga, mchicha wa kwetu, na maharage, nikamfungia kwenye kopo. Jioni kopo likarudi limejaa. Alisema wateja walikuwa wengi. Siku iliyofuata likarudi vilevile. Alisema foleni ya mpakani ilikuwa ndefu. Basi nikaamua kwenda naye.

Alitua beseni kando ya barabara, katikati ya wanawake wenzake. Jua lilipofika utosini nilifungua kopo. Akalifunika kwa kitenge.

"Funga."

"Yaya, saa ya kukula imefika."

"Muntu mukubwa hakulake mu njia. Banione natafuna kama mutoto?"

"Nani anakuangalia?"

"Bote."

Nilitazama huku na huku. Kati ya wanawake wote wale, hata mmoja hakuwa anatafuna. Njaa ilikuwa inaniuma mimi pia, lakini mkono wangu haukuingia kwenye kopo. Mama alitulea hivyo sote wawili. Tulirudi nalo nyumbani, maharage yameshachacha.

Nilimwomba mama mmoja mwenye duka karibu na pale ampe yaya nafasi nyuma ya magunia. Alikubali bila shida. Yaya ndiye aliyekataa: akiacha beseni, wateja wananunua kwa jirani, na nyanya zikilala zinaoza. Nikajaribu upande wa jioni. Nilimpakulia bugari nusu, mboga nyingi. Aliigeuza sahani huku na huku.

"Tangu asubui, hii njo saa yangu ya kukula," alisema polepole. "Na hii unanipunguzia?"

Nilichukua mwiko, nikamwongezea.

Mvua zilipokwisha tulirudi kupima. Safari hii muuguzi alisema kwa sauti ya chini kwamba sasa ni ugonjwa wenyewe. Alimpa vidonge, akasisitiza asivimeze tumbo likiwa tupu. Yaya aliuliza kama anaweza kuendelea na kazi. Akaambiwa anaweza, mradi ale. Akaitikia ndiyo, akavifunga kwenye pindo la kitenge.

Siku hizi namchemshia yai asubuhi. Anasema chakula cha mapema kinamtia kichefuchefu, lakini analila, akiwa amesimama mlangoni, macho yake kwangu, kama mtu anayenifanyia mimi msaada. Anameza kidonge, ananiomba nimsaidie kujitwisha beseni. Nalinyanyua naye, naliweka kichwani pake, na namwangalia akishuka kilima. Mchana atakula au hatakula, mimi sitakuwepo.