Bi Rula na Nukta A

Wifi yangu hakuipiga kompyuta ya marehemu kwa nyundo. Nalisema hili kwanza kwa sababu hii ni wiki ya tatu nalisikia saluni, dukani, na hata kwenye foleni ya zahanati, ambako mama mmoja aliyenipa mgongo alikuwa akimsimulia mwenzake habari za nyumba yangu bila kujua kwamba mwenye nyumba yuko nyuma yake na kadi ya presha mkononi. Nyundo haikuwepo. Hakuna bahasha iliyopita mlango wa uani. Ramani hazikufutwa. Na wale walioniona nikifukua pipa la taka barabarani Alhamisi asubuhi, ni kweli waliniona, nami nitaeleza nilikuwa natafuta nini.

Huyo wifi ni dada wa mume wangu, mdogo wake wa pekee. Marehemu, yaani mume wangu, alikuwa mpima ardhi, na wifi alikuwa mchoraji wake wa ramani. Kwa miaka thelathini walikaa meza mbili zinazotazamana, mmoja akileta vipimo vyenye vumbi, mwingine akivigeuza kuwa mistari. Mtaani anaitwa Bi Rula, kwa ile rula ya chuma isiyotoka mkobani mwake na kwa mwendo wake ulionyooka. Wanangu walipokuwa wadogo aliwakatia mkate kwa kuupima, na kweli hawakupata la kugombania. Hakuolewa, na alikuwa akiishi nyumbani kwetu. Ukimuuliza atakwambia mchumba wa kwanza alichelewa dakika kumi na mbili, na wa pili hakupewa nafasi ya kuchelewa.

Kompyuta alijifunza akiwa na miaka hamsini na miwili, wakati wenzake ofisini walikuwa wakihesabu siku za kustaafu. Alianza kwa kuandika kila kitufe kwenye daftari la mistari, kinafanya nini na kikikosewa kinaleta balaa gani. Daftari hilo bado lipo, lina kurasa mia na kitu.

Ili nieleweke, lazima niseme neno moja la kazi yao. Kila upimaji huanzia mahali pamoja, kigingi cha kwanza, wanachokiita nukta A. Umbali wote hupimwa kutoka hapo. Kigingi B kikiyumba utakisahihisha, lakini A kikisogezwa hata kwa upana wa kidole, ramani nzima inakuwa uongo. Marehemu alikuwa akiwaambia vibarua wake kila asubuhi kabla hawajashika jembe: A haiguswi. Bi Rula alilisikia neno hilo kwa miaka thelathini.

Sasa, nyuma ya mtaa wetu kuna njia ya miguu ya upana wa mita tatu, inayoelekea shuleni na zahanati. Mwaka huu mwenye nyumba ya pembeni, tunayemwita Bwana Geti, aliijengea ukuta. Alidai ni sehemu ya kiwanja chake, na kwamba mume wangu alipokea kitu kidogo enzi hizo ili aichore kuwa njia. Alimsema mtu ambaye hawezi kufufuka kumjibu. Kamati ya viwanja ikapanga kuja kwangu Alhamisi saa nne asubuhi kuiona ramani ya awali. Karatasi za ofisini zililowa paa lilipovuja, zikaoza. Iliyobaki ilikuwa picha ya ramani ile ndani ya kompyuta ya marehemu. Isipoonekana, kamati ingeandika kwamba kumbukumbu haipo, na jina la mume wangu lingebaki mdomoni mwa Bwana Geti.

Kompyuta yenyewe ilikuwa mgonjwa. Virusi vilikuwa vikificha mafolda, na ilikuwa inazimika katikati ya kuchapa. Bi Rula alishauriana na fundi mmoja waliyewahi kufanya naye kazi ofisini, ambaye sasa anafundisha chuo mji mwingine. Fundi alimtumia flashi yenye Linux, mfumo mwingine wa kuendeshea kompyuta, na maelezo ya kurasa mbili: aifute sehemu ya diski yenye mfumo wa zamani, aweke mpya, na ile sehemu yenye ramani aiache kama ilivyo. Nilimuuliza kama ana nakala. Akasema anayo. Baadaye nilikuja kujua kwamba nakala ilikuwa ndani ya diski ile ile, kwenye folda inayoitwa NAKALA.

Jumatano saa tatu asubuhi alianza. Saa tano kasoro skrini ilimwambia kazi imekamilika, achomoe flashi, abonyeze kitufe. Alichomoa, akabonyeza. Mashine ikanguruma kidogo, kisha kioo kikawa cheusi, na juu kabisa ukatokea mstari mmoja mweupe. Nilivaa miwani nikausoma. Ulisema hakuna mfumo wa kuwashia.

Aliizima akaiwasha. Mstari ule ule. Akaizima tena, akasubiri dakika tano kwa saa, akaiwasha. Mstari ule ule.

Mimi si mtu wa kutetemeka. Nimesimamia shule ya wanafunzi mia nane, nimewahi kumfukuza mwizi ofisini kwangu kwa kumtazama tu. Lakini pale niliketi. Nilikuwa nikiona jambo moja tu: mwenyekiti wa kamati akifunga kitabu chake, na Bwana Geti akitabasamu.

Bi Rula hakuketi. Alifungua ubavu wa mashine akakagua kila waya, akaweka sikio kwenye diski kama mkunga anayesikiliza tumbo. Ilikuwa inazunguka. Akaingia kwenye ule ukurasa wa bluu wa mipangilio, akahakikisha diski imo kwenye orodha ya mahali mashine inapotafuta mfumo. Ilikuwa sawa. Kila hatua aliiandika daftarini pamoja na saa yake. Mistari yake ilipinda siku ile, jambo nisilowahi kuliona.

Alasiri akasema inafaa ampigie fundi. Nilikataa. Nitasema ukweli wote maadamu nimeuanza: nilikataa kwa aibu. Nilijua simu moja ikitoka nyumba hii, kabla ya jua kuchwa mtaa mzima utajua ramani hazionekani. Nikafunga mlango wa mbele, nikashusha mapazia, na mjumbe wa kamati alipobisha kuulizia matayarisho nikamwambia kupitia dirishani kwamba wifi anaumwa, tusisumbuliwe. Huo uongo ni wangu. Uvumi mwingi mnaoula leo ulipikwa na pazia lile.

Niliporudi chumbani nilimkuta amekaa sakafuni mbele ya mashine. Hofu ikanipanda kichwani ikageuka hasira. Nikamwambia, "Umemzika kaka yako mara ya pili."

Alifunga daftari, akapanga kalamu juu yake, akaenda kulala na jua bado liko juu. Nami nikaichukua ile flashi mezani, nikiamini ndiyo iliyoleta maradhi, nikaitupa kwenye ndoo ya taka.

Asubuhi alikuwa kwenye kiti kile kile tangu saa kumi na mbili, akiwasha na kuzima. Saa moja na nusu, zikiwa zimebaki saa mbili na nusu kamati ifike, sikuweza tena. Nikampa simu yangu mwenyewe. Nikasema mpigie.

Fundi aliweka maswali yake kama daktari, naye Bi Rula akimjibu kutoka daftarini, simu ikiwa wazi mezani ili nami nisikie.

"Wifi ipo hapo?" fundi akauliza.

"Yupo, anakusikiliza," nikadakia. "Na useme yupo, si ipo."

Fundi akacheka kwa adabu, akasema shikamoo mama, nilikuwa naulizia intaneti. Hata Bi Rula alitikisika mabega, na ile ilikuwa mara ya kwanza tangu jana yake.

Akaendelea. Mwishoni mwa kuweka mfumo, alisema, huwa kuna swali: kiwashio, yaani kile kiprogramu kidogo kinachoiamsha kompyuta, kikae wapi? Diski kubwa inaitwa A, flashi inaitwa B. Alichagua ipi?

"B," Bi Rula akasema.

"B? Lakini maelezo yangu yanasema A."

"Yanasema mwanzoni kabisa mwa A. Nikajua umekosea kuandika. A haiguswi."

Fundi naye alianza kama kibarua, akibeba jembe la marehemu enzi zake, neno lile alilijua. "Dada," akasema taratibu, "hiyo ni sheria ya ardhi. Huku A inaguswa. Umeweka ufunguo wa nyumba ndani ya flashi, kisha umeichomoa flashi. Nyumba iko salama, haina tu wa kuifungua. Irudishe flashi uwashe."

Bi Rula akatazama meza. Akainua daftari, akainua kitambaa cha kufutia skrini. Akanitazama mimi.

Ndoo ya taka ilikuwa imeshamwagwa kwenye pipa la barabarani, na gari la taka hupita Alhamisi. Nililisikia likinguruma kona ya juu. Nilitoka nilivyokuwa, na viatu vya ndani, kichwa wazi, mimi ninayewasalimu watu kwa mbali. Niliinamia pipa mpaka kiunoni. Nilipasua mifuko, yangu na ya watu, nikashika maganda na majivu na vitu nisivyotaka kuvijua. Wale wa ng'ambo walisimama mlangoni wakitazama. Ndiyo maana leo wanasema nilikuwa naficha ushahidi. Nilikuwa nautafuta. Gari liliposimama nyuma yangu, dereva akauliza, "Mama, umepoteza dhahabu?" Nikamwambia asubiri. Akasubiri. Flashi ilikuwa ndani ya kopo la maziwa.

Niliifuta kwa upindo wa gauni langu. Bi Rula aliichomeka, akawasha. Kioo kikawa cheusi kama jana, na nilifumba macho. Nilipoyafumbua kulikuwa na rangi, na vidole vya wifi yangu vilikuwa tayari vinatafuta. Folda ya kwanza aliyofungua ilikuwa tupu. Nilishika ukingo wa meza. Alikuwa amefungua sehemu mpya ya diski. Akafungua ya pili, na zikashuka moja baada ya nyingine, ramani zote, zikiwa na vipimo kwa mwandiko wa marehemu.

Ilibaki kuandika kiwashio mahali pake, kwenye A. Fundi alimsomea amri herufi kwa herufi, naye akaiandika. Kisha akakaa, kidole juu ya kitufe.

"Ramani za kaka ziko kwenye A," akasema.

"Hazitaguswa, dada."

Alimuuliza mara tatu. Mara ya tatu akabonyeza, akiwa ameangalia ukutani. Tulichomoa flashi, tukazima, tukawasha. Ikaamka yenyewe.

Kamati ilifika saa nne na dakika kumi. Mwenyekiti aliweka kipimo chake juu ya karatasi iliyochapwa: njia, mita tatu. Bwana Geti alisema karatasi inaweza kuchorwa hata jana. Bi Rula akamwonyesha chini kulia, penye sahihi za wenye viwanja waliokubali mipaka, ya tatu ikiwa ya baba mzazi wa Bwana Geti. Aliisoma mara mbili, akaomba maji. Ukuta umeshavunjwa upande mmoja, na watoto wanapita.

Linalobaki midomoni mwenu ni kwa nini Jumamosi ile Bi Rula alifunga sanduku lake akahamia vyumba viwili karibu na ofisi ya zamani. Hakufukuzwa. Aliondoka kwa miguu yake, mwendo ule ule, na kompyuta ameiacha kwangu ikiwaka. Mnaniuliza kama ni kwa ajili ya neno nililomwambia, kama nimekwenda kumwomba radhi, na kama nilifunguliwa mlango. Hilo ni la mimi na wifi yangu. Silisemi leo, sitalisema kesho, na anayenisubiri njiani aniulize ajue nitapita zangu.