Mama Pasi Aulizwa Waliko Wenzake

Saa tatu asubuhi, chumba cha kufulia cha hospitali kimeshajaa mvuke. Mama Pasi ananyoosha mashuka ya wodi huku wanafunzi kumi na wanane wa sekondari wakijibana kati ya mashine na ukuta, madaftari mikononi.

Wako kwenye ziara ya mafunzo kuhusu watetezi wa haki za raia. Wakili waliyeanza naye aliwapokea ofisini. Mama Pasi hakupewa ruhusa ya kutoka kazini, wakamfuata kwenye joto.

“Msisogelee hilo bomba,” anawaambia. “Haki hudaiwa ikarudi. Ngozi hairudi.”

Ana miaka hamsini na minane. Miaka ishirini na miwili iliyopita, mfuaji aliyeonekana ana mimba aliachishwa kazi. Mama Pasi akazungusha karatasi ya malalamiko, wanawake arobaini na mmoja, yeye akiwamo, wakatia saini, wakakaa langoni siku tisa. Siku ya kumi uongozi ukakubali likizo ya uzazi.

Ameyasimulia haya mpaka yamemchosha. Anayasema huku akikunja, pembe kwa pembe, miguu imemvimba.

Ndipo msichana mmoja anauliza kutoka nyuma, “Samahani, bibi. Hao wenzako arobaini wako wapi?”

Mama Pasi anaizima pasi.

“Wageni huja kila mwaka. Hilo hajaniuliza mtu.”

Sita walifukuzwa mwezi uliofuata, kila mmoja kwa kisingizio chake: huyu kachelewa, yule kapoteza foronya. Yeye hakuguswa kwa kuwa picha yake ilishatoka gazetini. Kati ya wale sita alikuwamo wifi yake, dada wa mumewe.

“Aliniambia, ‘Wifi, nina watoto wanne, usinitie motoni.’ Nikamjibu kidole kimoja hakivunji chawa. Akasaini kwa ajili yangu. Mimi nikabaki na kazi, yeye akabaki na methali.”

Tangu hapo hukutana misibani tu, wakapeana mkono na kuachana.

“Kwa hiyo mlikosea?” msichana anauliza taratibu.

Mama Pasi anakaa juu ya furushi la mashuka machafu.

“Sijui, mjukuu wangu. Binti wa wifi anafanya kazi jikoni, hapahapa hospitalini. Mwaka jana alijifungua, akapumzika miezi mitatu, akarudi kwenye kazi yake. Asichokipata mama, mwana kakipata. Lakini wifi siwezi kumwambia hivyo. Hayo ni ya kujifariji mwenyewe.”

Mwalimu anatazama saa. Msimamizi wa zamu anakohoa mlangoni. Wanafunzi wanaaga mmoja mmoja, kwa sauti ya chini kuliko waliyoingia nayo.

Mama Pasi anastaafu baada ya miezi minne. Alipanga kupumzisha miguu, basi. Sasa anasema hatangoja kustaafu. Jumapili hii anakwenda kwa wifi yake.

“Sina hotuba. Nitamwomba radhi, nikae. Akinifukuza, nitarudi Jumapili nyingine. Miguu yenyewe ndiyo hii, lakini pale itafika.”