Mzee wa kanisa anangoja kaburi, na mwenye nyundo ni mimi

Admin, naomba ufiche jina langu na la kijiji. Leo ni Jumatano. Imepita mwaka na miezi mitatu tangu nimzike mama yangu kijijini kwetu, upande wa Kahama, nikarudi huku Geita machimboni na sijakanyaga nyumbani tena. Nina miaka thelathini na minne. Mke wangu na watoto wetu mapacha wamebaki kule. Shule niliishia darasa la tano, kwa hiyo mtanivumilia. Kazi yangu ni kuvunja mwamba chini ya ardhi kwa nyundo na tindo, na mgongo umeshachoka.

Juzi amefariki mzee wa kanisa letu. Ni mtu aliyeheshimiwa sana, watu wametoka vijiji vya mbali kuja kumlilia. Mimi nilipopigiwa simu nilikuwa nakula, nikaendelea kula.

Nawaeleza sababu. Miaka mitatu iliyopita duara letu, yaani shimo tunalochimbia dhahabu, lilititia tukiwa ndani. Nyumbani waliambiwa nimekufa. Mama alikwenda kanisani akasali. Halafu mjomba akaja nyumbani kufanya tambiko la ukoo, akamwaga pombe na kuwataja mababu, mama akiwa amekaa pembeni. Nikatolewa mzima. Jumapili iliyofuata mzee alisimama mbele ya waumini akatangaza kwamba mama ametengwa mpaka atubu hadharani.

Mama alimjibu palepale, "Mzee, nitubu nini? Mwanangu alikuwa chini ya udongo."

Mzee akasema, "Basi kaa na mizimu yako."

Mama alikuwa mwanakwaya tangu usichana wake. Tangu siku hiyo kila Jumapili alivaa vizuri, akaenda akakaa nje ya kanisa chini ya dirisha, akawa anaimba kwa sauti ndogo ili wa ndani wasimsikie. Alikufa bado ametengwa. Mzee akapita nyumba kwa nyumba kukataza waumini wasichimbe kaburi na kwaya isiimbe. Tulichimba watatu, mimi, mjomba na jirani mmoja Mwislamu. Tukiwa katikati ya kazi tukaisikia kwaya inafanya mazoezi kule kanisani. Wimbo ule mama ndiye aliyewafundisha.

Sasa sikilizeni. Mzee aliacha wasia azikwe mlimani, kando ya kanisa. Pale ni mawe matupu. Vijana wamechimba kufika magotini, majembe yakagonga mwamba, sururu zimevunjika. Na kwetu kaburi likishafunguliwa haliachwi tupu, watu wanaamini litaita maiti mwingine. Kwa hiyo hawawezi kuhamia pengine, na mbele hawaendi. Watu walewale waliomtenga mama kwa sababu ya mizimu leo wanaogopa shimo. Nilicheka mpaka wenzangu wakauliza nina nini.

Jana mtoto mkubwa wa marehemu akanipigia. Hajawahi kunipigia maishani mwake.

"Ndugu yangu, habari za huko? Mzee hatunaye."

"Nimesikia. Poleni."

"Tumekwama na kaburi. Wewe ni fundi wa miamba. Njoo na wenzako wawili, mwili bado uko hospitali."

Nikamwambia nitakuja kwa sharti. Kabla sijapiga nyundo hata mara moja, yeye asimame mbele ya waombolezaji wote aseme baba yake alimwonea mama yangu. Halafu kwaya nzima, na sare zao, iende kwenye kaburi la mama ikamwimbie.

Akaniuliza, "Unamfanyia maiti hivi?"

"Maiti hasikii. Ninyi ndio mnasikia."

Akasema ataongea na mchungaji. Baadaye akanirudia, mchungaji anasema nije kwanza, hayo mengine yatazungumzwa baada ya mazishi. Mimi nayajua mazungumzo ya baada ya mazishi. Mkishakula ubwabwa kila mtu anashika njia yake.

Wenzangu hapa wananitia moto. Mmoja ananiambia, "Waambie wachimbe na Biblia." Mwingine anasema, "Huyo hata ardhi imemkataa, wewe unahangaika nini?" Ninacheka nao. Naomba niseme ukweli, nimeufurahia huu msiba. Nataka waendelee kungoja. Nataka yule mjane akae kwenye mkeka akijiuliza mume wake atalala wapi, kama mimi nilivyojiuliza.

Lakini asubuhi mke wangu kanipigia. Nilimkataza kupeleka kuni wala maji msibani, naye akatii. Anasema wanawake wameanza kunyamaza akifika kisimani.

"Baba Kulwa, wewe unaishi kwenye mashimo. Ninayeishi na hawa watu ni mimi. Doto homa haijashuka, na jana hakuna aliyekuja kunijulia hali. Likitokea la kutokea, nani atatuchimbia? Utakuja na nyundo yako peke yako?"

Nikamjibu, "Ndiyo. Nilishafanya."

Akakata simu. Tangu hapo sijapata raha, na hasira haijapungua.

Ndugu zangu mnaosoma, nipeni mawazo kabla sijapanda gari. Nivunje ule mwamba kwa ajili ya mke wangu na watoto, sharti langu nilimeze? Au nishikilie mpaka mama aimbiwe, hata kama kijiji kitatutenga wote? Ila msiniandikie "samehe tu" kama hamjawahi kumchimbia mama yenu huku mkisikia kwaya yake inaimba kwingine.

Basi linaondoka Geita kesho asubuhi, na mchana nitakuwa nimeshuka. Nyundo na tindo nimefunga kwenye begi. Nitapitia kwanza kaburini kwa mama, na mtoto wa marehemu nimeshamwambia hivyo. Nikikuta kwaya imesimama pale, na yeye yuko tayari kusema, jioni mzee atakuwa na kaburi. Nisipoikuta, nitakaa hapo kaburini kwa mama, na kule mlimani wataniona.